Kila mwalimu awe na mahali ambapo yeye ni mwanafunzi: naomba tujadili

Mwalimu wa Dunda (mleta mada), Bagamoyo

Ndugu wanajukwaa, na hasa walimu wenzangu, nawasalimu nyote. Nina hoja ambayo nimeifikiria kwa muda mrefu, nami naomba tuijadili kwa utulivu. Naamini kwamba mwalimu asiye na mahali popote anapofundishwa, yaani asiye na jambo analoliendea akiwa hajui na akakubali kusahihishwa na anayejua, hupoteza polepole uwezo wa kufundisha, hata kama vyeti vyake ni vizuri na somo lake analimudu. Sizungumzii semina, ambako mara nyingi tunakaa kama watu wanaojua. Nazungumzia kukaa mbele ya mtu, kushika chombo ambacho mkono haujakizoea, na kukosea huku unatazamwa.

Nafundisha Hisabati katika shule ya msingi hapa Bagamoyo. Jioni nikipata nafasi huteremka ufukweni wanakotengeneza mashua, kujifunza kwa fundi ambaye kwa umri ni mdogo wangu na ambaye shule aliiacha kabla ya darasa la saba. Yeye huniita Mwalimu nami humwita Fundi, lakini pale kila mtu anajua nani anamfundisha nani.

Kazi aliyonianzishia ni kukalafati, yaani kuipenyeza pamba yenye mafuta katika mianya ya mbao, kwa patasi butu na nyundo, mpaka maji yakose pa kupita. Kwa kuitazama tu utadhani ni kazi ya nguvu. Fundi alinitazama nikigonga, hakusema neno, kisha akanishika kifundo cha mkono na kuniuliza, "Mwalimu, wasikia nini?" Akachukua nyundo, akagonga mahali ambapo pamba ilikuwa bado imelegea, halafu akagonga mahali ambapo imekwisha kukaa sawasawa. Mlio wa kwanza ulikuwa mzito, umezibwa. Wa pili ulikuwa mkavu, unaitika. Baada ya hapo hakunieleza nigonge mara ngapi wala kwa nguvu kiasi gani, kwa sababu ubao wenyewe ulikuwa unanijibu. Nikirudi darasani nikakumbuka jinsi tunavyomwambia mtoto "fanya hivi, kisha hivi, kisha pigia mstari", huiona wazi tofauti: Fundi alinifundisha kusikia, ilhali sisi mara nyingi tunafundisha hatua na kumwachia mtoto azibebe bila sikio.

Pale ufukweni hakuna michoro. Urefu wa mkuku, yaani mti mkuu wa chini ya chombo, ukishajulikana, vipimo vingine vinafuata kutokana na huo, na mataruma, yaani mbavu za chombo, yanatafutwa katika miti iliyopinda yenyewe, ili mpindo wa mti ulingane na mpindo wa chombo. Wazee wetu walipima kwa mwili: pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, dhiraa ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, na shibiri ni kiganja kilichotanuliwa. Pima moja ni dhiraa 4, na dhiraa moja ni shibiri 2. Nilipofika kwenye mada ya uwiano katika darasa la sita, nililiacha zoezi la kitabuni kuhusu lita za rangi na idadi ya kuta, nikawataka watoto wajipime wenyewe kwa kamba. Niliwauliza swali moja tu: je, kwa kila mmoja wenu, mrefu na mfupi, pima yake ni dhiraa zake 4?

Darasa lilichangamka. Kulikuwa na msichana ambaye kwa kawaida hasemi, anayekaa karibu na dirisha, ambaye baba yake ni mvuvi. Yeye ndiye aliyewaonyesha wenzake namna ya kuishika kamba isilegee, kwa kuwa nyumbani huwaona watu wakipima nyavu. Wakagundua kwamba tarakimu zao zinatofautiana sana lakini uwiano unakaribiana, na kijana mmoja akauliza jambo ambalo sikulipanga: kwa nini pima ya mtu inakaribia urefu wake wa kusimama? Sikumjibu. Tulijipima tena, tukaandika ubaoni, tukabishana kuhusu wale ambao hesabu yao haikukubali, kama kosa ni la kamba au ni la mwili. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo Hisabati, na sidhani ningeifikiria kama jioni ile sikuwa mimi ndiye mwanafunzi.

Mji wetu una mfano mkubwa zaidi kuliko wangu. Chuo cha Sanaa kilipoanzishwa hapa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, baadhi ya walimu wake walikuwa wasanii waliotoka katika kikundi cha taifa cha ngoma, watu ambao ujuzi wao waliupokea kwa wazee wao vijijini. Hayati Hukwe Zawose, bingwa wa ala za muziki za zeze na ilimba kutoka Ugogo, aliishi na kufundisha hapa, akafariki mwaka 2003. Elimu ya namna hiyo huanza kwa kuiga kwa uangalifu mkubwa, halafu mwanafunzi anapoumiliki mdundo ndipo anaruhusiwa kuongeza wa kwake. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani ubunifu ni kumwachia mtoto afanye apendavyo. Sivyo, mbunifu ni yule aliyekwisha kusikiliza.

Na Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamika kwamba shule zilikuwa zikiwazoesha vijana kuamini kuwa maarifa yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma tu, na hivyo kuyadharau maarifa ya wazee. Yeye aliwasema wanafunzi na mfumo; mimi nadhani jambo hilo linatuhusu walimu zaidi.

Naomba maoni yenu, hata ya kunipinga.

Mwalimu wa Ngamiani, Tanga

Mwalimu mwenzangu, ahsante kwa mada hii. Nimeisoma yote, na somo lako la pima nimelipenda kwa dhati. Hata hivyo nitakupinga kidogo, kwa sababu nahisi umeandika kama mtu mwenye nafasi darasani.

Tangu elimumsingi bila malipo ilipoanza mwanzoni mwa mwaka 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni, jambo ambalo nalishukuru kwa moyo wote, kwani baadhi yao ni watoto wa jirani zangu. Lakini madarasa yamefurika. Mimi huingia darasani watoto wamekaa mpaka karibu na ubao, na kipindi kinakwisha kabla sijafika dawati la nyuma. Nikisikia maneno kama "mjue mtoto mmoja mmoja" naona uzito umeongezwa juu ya mwalimu ambaye tayari amechoka, na asipoweza ataambiwa hana moyo. Ukaribu na mtoto unahitaji muda, na muda ndio tusio nao. Nieleze, ndugu yangu, kwa darasa kama langu unyenyekevu unafanyikaje? Usiniambie niwapende, kwa sababu nawapenda.

Na jingine: ukikubali mbele ya darasa kubwa kwamba hujui, wapo watakaokusikiliza na wapo watakaokupanda kichwani. Mwalimu kijana wa kike analijua hilo vizuri zaidi kuliko mwalimu mzee wa kiume.

Fundi wa Pangani

Nawasalimu, walimu wangu. Mimi si mwalimu, ni seremala na mtengeneza mashua, na nilijifunza kazi Pangani kabla ya kuhamia Tanga mjini. Mleta mada ametusifu mafundi na nashukuru, ila nalazimika kusema upande wa pili ambao yeye, kwa kuwa amempata fundi mwema, pengine hajauona.

Bwana wangu aliyenifundisha hakunifundisha. Nilifagia maranda, nilichota maji, nilimshikia ubao jua likiwaka, na kila alipofika kwenye jambo la maana, kama kuukata mkuku ukutane na fashini, yaani mti unaosimama kwenye ncha ya chombo, alinituma sigara. Nilijifunza kwa kuiba kwa macho. Nikimuuliza alisema mwanafunzi mwenye adabu haulizi. Wenzangu wawili, wenye mikono mizuri kuliko yangu, waliondoka kwa kukata tamaa. Mmoja anaendesha bodaboda na mwingine yuko baharini. Fundi wa namna hiyo huogopa kwamba ukijua utamnyang'anya wateja, na anapokufa anakwenda na kazi yake. Leo mtu akitaka jahazi kubwa la zamani pwani hii, atahangaika kumpata wa kulisimamisha tangu mkuku mpaka tanga.

Kwa hiyo msidhani kila penye nyundo pana hekima. Unyenyekevu niliofundishwa mimi ulikuwa wa upande mmoja, na ule hasa ni utii tu.

Mwalimu wa Dunda

Fundi wangu wa Pangani, maneno yako yamenigusa na nayakubali kabisa. Umelitengeneza wazo langu vizuri kuliko nilivyoliandika. Nilikuwa nauelekeza unyenyekevu kwa mwalimu, lakini sikusema waziwazi kwamba tumezoea kuudai kwa mwanafunzi peke yake: anyamaze, ainame, asiulize. Mtu mwenye ujuzi ndiye mwenye jambo la kushusha. Anayejua anapokubali kuulizwa, na kuonyesha mahali ambapo kazi ni ngumu hata kwake, hapo ndipo elimu inapopita. Bwana wako alikuwa na ujuzi mkubwa na akauzika.

Mwalimu wa Ngamiani, swali lako ni zito na sitalijibu kwa haraka. Nikueleze ninachofanya mimi, ukijua kwamba darasa langu nalo si dogo. Madaftari sisahihishi ofisini peke yangu. Nasahihisha darasani, wengine wakifanya zoezi, na naita watoto wachache kila siku waje wasimame kando yangu wakati nasoma daftari lao. Namuuliza mtoto, "Hapa ulifikiri nini?" Mara nyingi nakuta kosa lina akili ndani yake. Yupo aliyekuwa akitoa namba ndogo kwa kubwa kila mara, bila kujali ipi iko juu, kwa sababu dukani kwao alizoea kutafuta chenji, na chenji siku zote ni kubwa kutoa ndogo. Kosa kama hilo huwezi kulijua kwa kuweka alama ya mkasi. Kwa mwezi naweza kuwazungukia wote, si kikamilifu, lakini hakuna mtoto ambaye sijawahi kumsikia akifikiri.

Kuhusu kupandwa kichwani, nakubali kwamba hali yangu na ya mwalimu kijana wa kike hazifanani, na ningependa wenye uzoefu huo waseme wenyewe.

Ustadhi wa Magomeni, Bagamoyo

Assalaamu alaykum. Naomba nami nichangie, kwani nafundisha chuo cha Kurani kwa miaka mingi, na swali la Mwalimu wa Ngamiani kuhusu wingi wa watoto lina jibu ambalo wazee wetu walilijua.

Katika chuo cha Kurani watoto wanakuja wa umri wote, mmoja yuko kwenye alifu na mwingine anakaribia kuhitimu, na wote wamekaa kwenye mkeka mmoja na mwalimu ni mmoja. Hawasomi somo moja. Kila mtoto ana mahali pake alipofikia, na humjia mwalimu peke yake, akakaa mbele yake akamsomea, akasahihishwa, akarudi mahali pake kukariri. Wakati huo wakubwa wanawasomesha wadogo. Mtoto aliyevuka herufi juzi ndiye anayemsomesha aliye kwenye herufi leo, na kwa kuwa ugumu wake bado anaukumbuka, humsomesha kwa subira ambayo pengine mimi sina tena. Mgeni akipita nje husikia kelele akadhani hakuna mafunzo, kumbe mwalimu anamsikia kila mmoja. Sisemi kwamba vyuo vyetu havina kasoro. Fimbo imetumika huko kupita kiasi, na wapo waliokariri miaka bila kuelezwa maana. Lakini mpangilio ule wa kumsikia mtoto mmoja mmoja katikati ya wengi umeishi pwani hii karne kwa karne.

Na mleta mada akitaka mfano wa unyenyekevu katika mji huu, asimsahau Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtoto, akawa mtumwa hapa Bagamoyo. Akasomeshwa, akasoma, akaja kuwa sheikh mkubwa wa tarika ya Kadiria, njia ya kisufi, aliyefungua chuo chake, na watu wa nasaba mbalimbali wakakaa mbele yake kusoma, katika mji ambao ulihesabu sana nani ni muungwana na nani ni mtumwa. Alifariki mwaka 1931 na mpaka leo jina lake linatajwa maulidini. Mimi hufikiri juu ya pande zote mbili: yule aliyemwona mtoto mtumwa akasema huyu anafaa kusoma, na wale waungwana waliokubali baadaye kwamba anayejua ni yeye.

Mama wa Makorora, Tanga

Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu. Mimi ni mzazi tu, nilisoma mpaka darasa la saba. Nimesoma uzi huu nikamkumbuka marehemu baba, aliyekuwa kiongozi wa kikundi wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973. Walikuwa wakikusanyika chini ya mwembe na redio moja. Kipindi kikiisha, mmoja anayejua kusoma anasoma kijitabu, halafu wanajadili: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi, choo cha nani kimebomoka, maji tunachota wapi. Ilidumu majuma 12, na nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni 2. Baba hakuwa mganga wala mwalimu, na alipenda kusema kwamba hilo ndilo lililomsaidia, kwa sababu watu hawakuogopa kumbishia. Baada ya kubishana walikwenda kuchimba vyoo.

Ninalotaka kuwaomba walimu ni dogo. Mzazi anapoitwa shuleni, huitwa kwa kosa. Mimi sijawahi kuitwa niulizwe mtoto wangu anajua nini nyumbani. Binti yangu anasuka ukili, ule utepe wa majani ya kushonea mikeka, tangu mdogo, anahesabu majani bila kuandika, na mwalimu wake wa Hisabati anamwona mzito. Angeniuliza ningemwambia.

Na fimbo, mmoja wenu aliseme. Kanuni za mwaka 2002 zinasema ni mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, na visizidi viboko 4. Watoto wetu hawachapwi hivyo. Mtoto anayeogopa mkono wa mwalimu hatamwonyesha mwalimu kosa lake, na hayo mazungumzo ya daftari hayatakuwepo.

Mwalimu wa Dunda

Mama yangu, nimeyapokea, na la fimbo nasema bila kuzunguka: haiwezi kukaa pamoja na haya tunayoyazungumza. Mtoto akikosea na kuadhibiwa kwa kukosea, atajifunza kuficha, na mimi nitabaki nafundisha watu nisiowajua.

Hilo la kumwita mzazi kuuliza mtoto anajua nini, nitalianza katika kikao cha wazazi kinachokuja. Ukili hasa ni hazina. Mwenye kusuka ukili wa majani kumi na mawili lazima ajue kila jani litapita juu ya lipi na chini ya lipi, na rangi irudi lini. Ni mfuatano na ni vigawe, ingawa hauna kalamu. Mwalimu wa binti yako akikaa naye nusu saa amfundishe yeye kusuka, nadhani atamwona kwa macho mengine, hata akishindwa kusuka. Na akishindwa ndio vizuri zaidi, kwa sababu binti ataona kwamba mtu mzima anaweza kushindwa, akaanza upya, na asipungukiwe heshima.

Mwalimu wa Ngamiani

Nimerudi baada ya kimya. Ustadhi, nililichukua pendekezo lako la wakubwa kuwasomesha wadogo, ila kwa kuwa darasa langu ni la umri mmoja, niliwapanga kwa kile wanachokiweza. Waliomaliza sehemu walikaa na ambao hawajamaliza, kwa sharti moja: haruhusiwi kuandika kwenye daftari la mwenzake, anaruhusiwa kuuliza tu. Sharti hilo liliwasumbua. Wale hodari wa darasa walikasirika mwanzoni, kwa kuwa walizoea kutoa jibu, na kuuliza swali la kumsaidia mwenzako ni kazi ngumu kuliko kujibu. Mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, mimi najua lakini siwezi kumwelezea." Nilifurahi sana, kwa sababu hapo ndipo nilipopata cha kumfundisha mtoto ambaye kwa muda wote nilidhani hana anachohitaji kwangu.

Kelele zilikuwepo. Mwalimu wa darasa la pili alikuja mlangoni kuuliza kama niko salama. Lakini nilipata nafasi ya kufika dawati la nyuma, na nilisahihisha kando ya watoto kama alivyoeleza mleta mada. La kupandwa kichwani halijaisha. Wapo vijana wawili wanaojaribu. Nimegundua kwamba nikisema "sijui" na kukomea hapo, wananicheka, nikisema "sijui, tutajuaje?" na kuwapa kamba au rula mkononi, kicheko hakipati nafasi. Bado nasema kwamba madarasa yapunguzwe na walimu waajiriwe, na unyenyekevu wetu usiwe kisingizio cha kuliacha hilo.

Nina swali la mwisho. Mimi sina fundi wa mashua ninayemjua. Fundi wa Pangani, kwa kuwa uko Tanga mjini, ungekubali walimu waje kwako kujifunza?

Fundi wa Pangani

Mwalimu, karibuni. Nina masharti matatu. Mje maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu yakijaa tuna haraka ya kushusha vyombo. Mje na nguo za kazi, na simu za kupiga picha zibaki mfukoni mpaka tumalize. Na kila atakayekuja anifundishe na mimi jambo moja. Nataka kujua kusoma michoro ya mashua ambayo wateja wa siku hizi wananiletea kwenye karatasi, kwa kuwa mbao nazijua lakini ile mistari na vipimo vyake bado vinanishinda.